Nusu Ua kwenye Kofia ya Babako

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Maimuna,

Salamu hizi nakupa ukiwa bado hujaondoka, jambo ambalo babako ameliona kichekesho. "Wamwandikia barua mtu aliye hapo Makadara?" ameniuliza akivaa viatu. Nimemjibu kwamba mtu aliye Makadara leo, kesho atakuwa Nairobi, na barua ikingoja mpaka kesho itachelewa treni. Amecheka, akaenda zake msikitini, na nyumba imekuwa yangu peke yangu.

Wewe na Shangazi Rehema mko kwenye kuaga jamaa. Namjua wifi yangu. Hatapita mlango bila kuingia, na hakuna mlango utakaowaachia bila chai na halua, kwa hivyo nina nafasi ya kutosha. Sitaitumia kukwambia habari za sweta, wala maji ya kunywa, wala watu wa kuaminiwa na wasioaminiwa. Shangazi yako aliyasema yote hayo jana wakati wa chakula, na alipomaliza aliyarudia kwa sauti ya juu kidogo, kana kwamba Nairobi nako walikuwa wakisikiliza.

Mimi nina jibu moja tu la kukupa. Alhamisi tulipokuwa tukikunja nguo zako ulinieleza kwamba mwisho wa wiki ya kwanza chuoni mtaulizwa mchague. Ama uchukue usanifu peke yake, uwe mbunifu wa vitambaa na vitu vingine, ama uchukue sanaa pamoja na elimu, uwe mwalimu wa kuchora. Ukasita na kanzu yako mkononi, ukaniuliza: "Mama, lau ungekuwa wewe, ungechukua lipi?" Nikakwambia nipe siku mbili tatu nifikiri. Ukacheka. "Mama hawezi kufikiri mpaka aandike."

Ni kweli. Unajua shajara zangu zilivyojaa kwenye lile kabati la chumbani, kila ukurasa na tarehe yake juu. Tangu Alhamisi nimekuwa nikizisoma, nikidhani nitakuta humo mahali nilipowahi kuwa na busara. Nimekuta zaidi habari za mvua, za nani alikuja na nani hakuja, na za kofia nilizochora. Siku ya harusi yangu, kwa mfano, nimeandika maneno haya tu: "Manyunyu asubuhi. Kofia." Nilipoyasoma nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza dirishani kama niko salama.

Kisa cha kofia hiyo umekisikia kwa babako, naye hukisimulia apendavyo. Wacha leo nikisimulie mimi.

Kazi yetu unaijua, lakini nitaieleza kama ninayemweleza mgeni, kwa sababu huko uendako utaulizwa nyumbani kwenu mwafanya nini. Kofia ina vipande viwili: duara la juu, na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mimi huchora maua na majani kwa kalamu ya risasi juu ya kitambaa cheupe, kisha wanawake wengine huchukua sindano na kushona juu ya mistari yangu, kitobo kwa kitobo. Ukanda huchorwa ukiwa umelala mezani, mrefu kama utepe. Taabu yake ni moja. Ukija kuungwa, mwisho wa mchoro sharti uingie katika mwanzo wake kana kwamba haukukatwa popote.

Aliyenifunza ni Bi. Mwanaisha, Mungu amrehemu, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye wewe hukumdiriki. Nilikwenda kwake nilipomaliza kidato cha nne. Mkono wake ulikuwa umetulia kama wa mtu amwagaye mafuta kwenye chupa. Alinifunza ua, alinifunza jani, alinifunza kunoa kalamu mpaka ncha iwe kama sindano. Lakini kila nilipokaribia mwisho wa ukanda, pale pa kuungia, alininyoshea mkono.

"Nipa hiyo kalamu. Hapo utaniharibia."

Nami nampa. Yeye anafunga mchoro kwa dakika chache, huku akizungumza habari za samaki, na kofia inatoka nzuri. Watu wakaanza kunisifu. "Mashallah, mkono wa huyu mtoto!" Nikajiona fundi. Kumbe muda wote huo sikuwahi kufunga ukanda hata mmoja mwenyewe, na wala sikujua kwamba sikujua.

Basi nikaposwa na babako, wakati huo kijana wa Liwatoni aliyenuka dizeli ya injini za boti hata Ijumaa. Nyumbani kwetu ilikuwa ada bibi harusi kumchorea mumewe kofia ya harusi kwa mkono wake. Nilijifungia chumbani. Bi. Mwanaisha alibisha hodi, nikamwambia hii hataiona mpaka iwe kichwani. Nilianza vizuri sana. Ua, jani, ua, jani. Nilipofika mwisho, pakabaki nafasi iliyokuwa kubwa mno kuachwa tupu na ndogo mno kwa ua zima. Nikafuta, nikachora, nikafuta tena, hata kitambaa kikawa cha kijivu. Mwisho nikachora nusu ua. Nikampelekea mshonaji, naye akashona kile alichokiona, kwa uaminifu kabisa. Nikajiliwaza kwamba mahali pa kuungia huvaliwa nyuma. Nani aendaye harusini kutizama kisogo cha bwana harusi?

Baada ya nikaha babako akaletwa kuja kunipa mkono. Nilikuwa nimefunzwa niinamishe macho. Mwanangu, sikuinamisha. Nilimkodolea macho kwenye paji la uso, kwa sababu nusu ua langu lilikuwa hapo, katikati, juu ya pua yake.

"Kofia umeigeuza," nikamnong'oneza. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake tukiwa mume na mke.

"Sikuigeuza," akajibu, naye kwa kunong'ona. "Nimeona hili moja si kama mengine, nikajua ndilo la mbele."

Shangazi yako Rehema, wakati huo msichana mwenye mdomo ule ule, akasema kwa sauti: "Mbona bwana harusi ana kiraka?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ndiyo maana katika picha zote za harusi mimi nimeziba mdomo kwa mkono wenye hina, na watu hudhani ni haya.

Siku chache baadaye Bi. Mwanaisha akaja kwangu na kitambaa kipya. Sikuwa na raha, nilijua amekuja kunicheka. Hakunicheka. Aliniwekea ukanda mbele yangu, umechorwa wote isipokuwa pale mwisho, akaniwekea na kalamu. Kisha akakaa kwenye kiti na kuikalia mikono yake. Kweli kweli, aliisukuma miwili chini ya mapaja akaikalia.

"Haya, funga."

Nikafunga vibaya. Akaguna. Nikafuta, nikafunga vibaya kwa namna nyingine. "Wallahi mikono yaniwasha," akasema, lakini hakuitoa. Alasiri nzima ilipita hivyo, na hata alipoletewa kahawa aliiacha ikapoa. Hatimaye mimi mwenyewe nikachukua kipande cha gazeti, nikakikata urefu wa ukanda, nikakikunja nusu, na nusu ya nusu, nikaona kila ua linataka nafasi gani kabla sijachora hata moja. Alipoona ninakunja, aliitoa mikono, akaikunjua vidole, akanywa ile kahawa baridi. "Na mimi nilifunzwa hivi hivi, kwa kunyang'anywa," alisema. "Nikadhani ndiyo kufunza."

Ungetaraji mtu aliyepata somo hilo lisimtoke. Lilinitoka, na aliyeumia ni wewe.

Ulikuwa darasa la pili, mkaambiwa kila mtoto achore mtaa anaoupenda kwa ajili ya siku ya wazazi. Ukachora Makadara. Tuktuk ilikuwa kubwa kuliko msikiti. Muuza mihogo alikuwa na vidole vingi kuliko alivyoumbiwa, na moshi wa karai yake ulipanda mpaka ukafunika jua. Ulipolala nikaitazama picha ile na mkono ukaniwasha. Nikaipunguza tuktuk. Nikaunyosha mnara. Nikahesabu vidole. Nikaufuta moshi, maana ulionekana uchafu. Asubuhi uliitazama, ukaikunja, ukaenda nayo.

Siku ya wazazi mwalimu wako akasimama mbele ya picha zilizobandikwa ukutani. "Na hii nzuri, ya Makadara, nani aliyeichora?" Nami nimekaa mstari wa mbele na buibui langu jipya. Ukanyosha kidole.

"Mama."

Hukusema kwa hasira. Ulijibu swali tu, kama anayeulizwa siku ya leo ni gani. Wazazi wakacheka, babako akacheka kuliko wote, mimi nikatizama viatu vyangu. Shajarani nimeandika: "Shule. Jua kali." Nilikuwa sina ujasiri wa kuandika zaidi, hata mahali ambapo msomaji ni mimi peke yangu. Mpaka leo nikipita Makadara naona ule moshi kila mahali, na naona ulikuwa umeuchora sawa.

Na uliponiambia mwaka jana kwamba unaomba chuo ukasomee sanaa, unakumbuka nilivyosema? "Kuchora si utajifunza hapa hapa kwangu?" Babako alidhani nahofia kazi utapata wapi. Haikuwa hivyo. Nilidhani waniambia kwamba sikukufunza vya kutosha. Ilinichukua muda kuona kwamba mtoto aliyefunzwa vya kutosha ndiye anayetaka zaidi. Mimi ninajua maua ninayoyajua kwa sababu mkono wangu uliyapokea kwa mkono mwingine. Sijui yalitoka wapi kabla ya hapo, sijui kwa nini jani likielekea kushoto jicho hulifuata, sijui watu wa mahali pengine huzungushaje mchoro mpaka ukajifunga. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza nilikujibu, "Ndivyo ilivyo." Huko kuna watu ambao kazi yao ni kutokujibu hivyo. Nakuonea wivu kidogo, wivu mzuri.

Sasa swali lako.

Kuna mambo mawili niliyoyaona mwaka huu, na nitakwambia yote mawili, nisije nikakuficha moja ili mizani ielemee upande niutakao.

La kwanza ni la Biashara Street. Ule ukanda uliochora kwa kuiga nyayo za tairi za tuktuk, ule ambao mimi nilisema hautavaliwa na mtu mwenye akili zake, niliupeleka dukani pamoja na zangu. Bwana Karim, mwenye duka ambaye hajawahi kunisifia kitu zaidi ya kusema "weka hapo," aliuvuta kwanza. Akauzungusha kwenye ngumi yake. "Huyu ni nani?" akauliza.

"Mwanangu."

"Si wewe?"

"Mimi nachora maua, bwana."

"Maua ninayo," akasema. "Mwambie anichoree mengine ya namna hii." Nilipomwambia kwamba unakwenda chuo kusomea mambo hayo, alitikisa kichwa. "Kufunzwa nini tena?" Nilitembea kurudi nyumbani kwa kiburi ambacho kingenifanya nigongwe na mkokoteni.

La pili ni la barazani kwetu, siku zile watoto wa jirani walipokuwa wakija kwako baada ya madrasa. Hukujua kwamba nilikuwa nakutazama dirishani, na karai ya viazi jikoni inaungua. Yule Fatma mdogo, unamkumbuka, watu wa michoro yake wote walikuwa hawana mikono. Amewachora wameificha nyuma ya mgongo, wote, hata mchezaji wa mpira, hata mwenye kubeba maji. Nikajua utachukua kalamu umwoneshe. Mimi ningechukua. Wewe ulichukua peremende mfukoni, ukampa, ukamwambia aifiche kwenye ngumi.

"Sasa chora mkono unaoficha peremende."

"Sijui kuchora mikono, dada."

"Usichore mkono. Nichoree nyumba ya peremende."

Akatizama ngumi yake muda mrefu sana. Akachora kitu kama kiazi chenye mistari. Ukakitizama kwa makini, ukauliza, "Na mlango wake uko wapi?" Akachora kidole gumba. Wiki ile yote Fatma alichora ngumi, mwishowe ngumi zikaanza kufunguka. Na wewe hukugusa karatasi yake hata mara moja, Maimuna. Niliangalia makusudi. Nilitaka kukuona ukishindwa kujizuia, kama mimi, kama Bi. Mwanaisha. Hukukalia mikono, wala hukuonekana kuwashwa. Ilikuwa imetulia tu mapajani.

Viazi viliungua, nikasema ni moto wa gesi.

Basi jibu langu ni hili, na nalisema waziwazi kwa sababu uliniuliza waziwazi. Lau ningekuwa wewe, ningechukua ualimu. Si kwa sababu aisemayo shangazi yako, kwamba mwalimu ana mshahara wa mwisho wa mwezi, na wala sibadili mawazo kwa ajili ya neno lake la pili, kwamba "mwalimu wa kuchora" si mwalimu wa kweli kama wa hesabu. Ningeuchukua kwa sababu wengi wetu tunaweza kuchora ua, lakini sijaona mtu mwingine aliyeweza kumkalia mtoto karibu vile na kuiacha karatasi yake iwe yake.

Lakini mimi si wewe. Unajua mwenyewe kofia ikifuliwa mara ya kwanza mambo huwaje. Mistari yangu yote ya risasi hutoka na maji, na kinachobaki ni kile kilichoshonwa na mkono mwingine. Washonaji wazuri hunifuata mpaka mahali fulani, kisha wanaona kwa macho yao jani lingependeza likilala upande wa pili, na wanalilaza. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi naigeuza kofia, naitizama, na mara nyingi nanyamaza. Jibu langu lichukue namna hiyo. Na ikiwa wiki ya kwanza itapita ukaona kwamba tairi za tuktuk ndizo zinazokuita, zichore, na uninunulie barakoa nizibe uso Bwana Karim asije akaniambia, "Sikukwambia?"

Nimebakiwa na jambo dogo. Kwenye begi lako la michoro utakuta kitambaa kimezungushwa ndani ya gazeti. Ni ule ukanda ulioanza kuchora wiki iliyopita kwa ajili ya kofia mpya ya babako, ukaachia pale pa kuungia kwa sababu ya pilikapilika za safari. Jana nilikuwa peke yangu nao mezani. Nafasi uliyobakisha ni ya hatari, nakwambia ukweli, nyembamba upande mmoja. Nilinoa kalamu. Niliishika. Nikaona kabisa jinsi ambavyo ningeimaliza, jani moja hapa, kijitobo kimoja pale, wala usingejua.

Nikairudisha kalamu kwenye kopo, nikavuta kiti, nikaikalia mikono yangu. Babako akaingia akanikuta hivyo. "Una baridi?" akauliza. Nikamweleza. Akaufunua ukanda, akauzungusha kichwani kwake, akajitazama kwenye kioo upande huu na upande huu. "Mwambie asiharakishe," akasema. "Mimi ninayo kofia."

Nasikia sauti ya Shangazi Rehema pale kona ya mtaa, kwa hivyo na wewe hauko mbali. Nenda kwa furaha, mwanangu. Tunakuaga kwa furaha, hata kama kesho stesheni utaniona nafuta macho. Ukirudi likizo njoo na ukanda, umefungwa kwa namna yoyote utakayoona. Na kama utakuwa umeuharibu, usijali. Twamjua mtu atakayeuvaa mbele.

Mamako akupendaye,
Zulekha